Rimoti ya Zamani Ikigoma, Je, Kosa ni la Kapasita?

Mtu mwenye mashine nzuri ya muziki ya miaka ya 1980, ambayo amplifaya na deki yake bado zinapiga vizuri, akipeleka rimoti iliyogoma kwa mafundi watatu anaweza kurudi na majibu matatu. Wa kwanza atamwambia kapasita zimekauka, zibadilishwe zote. Wa pili atasema kapasita hazina neno, kilichokwisha ni raba za vitufe. Wa tatu atamshauri aachane na kitu kilichokufa anunue rimoti mpya ya kutumika kwenye kila mashine, zipo tele Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Kila mmoja wao ameshawahi kushika rimoti iliyomthibitishia kwamba anasema kweli, na hapo ndipo mwenye mali anapochanganyikiwa.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika mashine nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980, rimoti haikuwa nyongeza ya kumpunguzia mtu safari ya kuinuka kitini. Kampuni ya Bang & Olufsen ya Struer, Denmark, iliunda mifumo kama Beosystem 5500 ambayo usoni ina vitufe vichache tu, na kazi nyingi zimehamishiwa kwenye kidude cha mkononi chenye kioo cha kuonyesha maandishi. Kidude hicho hutuma amri na pia hupokea majibu kutoka kwenye mashine. Kikifa, mwenye mashine amebaki na nusu ya alichonunua. Kwa hiyo swali la kapasita linastahili kujibiwa kwa hoja, maana mazoea ya kila fundi yanaelekea upande wake.

Kazi ya kapasita ndani ya rimoti

Rimoti nyingi za infraredi zinafanana ndani. Zina betri mbili, chipu moja, transista moja au mbili, taa ya infraredi, na kipande kidogo cha kauri kinachoipa chipu mapigo yake. Mara nyingi kipande hicho ni cha kilohetzi 455, masafa yaleyale yanayotumika ndani ya redio za AM, na kwa sababu hiyo viwanda vilikuwa navyo kwa wingi na kwa bei ndogo. Chipu hugawa 455 kwa 12 ikapata karibu kilohetzi 38, ambayo vipokezi vingi vimetegeshewa. Philips katika mfumo wake wa RC-5 walichagua 36, Sony wakachagua 40.

Kitufe kikibonyezwa, chipu huamka, husoma ni kitufe gani, kisha huwasha na kuzima taa kwa kasi hiyo, kwa vipande vifupi vifupi vinavyobeba ujumbe. Kila inapowaka, taa hudai umeme mwingi kwa kitambo kidogo sana. Betri, hasa zile za bei nafuu za kaboni na zinki, hazina nguvu ya kutoa kwa mkupuo namna hiyo. Kapasita iliyowekwa sambamba na betri, kwa kawaida ya mikrofaradi 47 hadi 220, hufanya kazi ya tangi la juu ya paa: hujazwa polepole, na ikihitajika hutoa kwa nguvu.

Hesabu inaonyesha vizuri zaidi. Chukua taa inayovuta nusu ampea ikiwaka, na katika kila kipande cha ujumbe inawaka theluthi moja tu ya muda. Chukua betri mbili zilizokwisha kutumika kidogo, zenye ukinzani wa ndani wa omu 2 kwa pamoja. Bila kapasita, kila mwako wa taa utashusha volti 3 hadi 2. Chipu ya Philips SAA3010, iliyotumika katika rimoti nyingi za RC-5, inahitaji angalau volti 2, kwa hiyo hapo iko ukingoni kabisa. Kapasita nzima ikiwepo, betri hutoa wastani tu, kiasi cha ampea 0.17, na kushuka kunakuwa theluthi moja ya volti. Betri ni zilezile na taa ni ileile, ila rimoti isiyo na kapasita inabidi isogezwe hadi karibu kabisa na mashine.

Sasa kapasita ya aina hii hufaje? Ni kanda mbili za alumini na karatasi iliyoloweshwa kimiminika kinachopitisha umeme, zimeviringishwa pamoja ndani ya kikopo na kuzibwa kwa raba. Kimiminika kikipungua, ukinzani wa ndani hupanda. Ukifika omu 5, betri zetu zenye omu 2 zinakuwa njia rahisi zaidi kwa umeme kuliko kapasita yenyewe, na hapo kapasita ipo kwa jina tu. Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba mita ya kawaida bado inaweza kusoma mikrofaradi karibu na zile zilizoandikwa kwenye kikopo. Fundi anapima, anaona 90 mahali penye 100, anasema ni nzima. Alichopaswa kupima ni ukinzani wa ndani.

Kuna ugonjwa wa pili, nao ni kupitisha umeme pasipotakiwa. Kapasita inayovujisha miliampea 1 itamaliza betri ya AAA yenye miliampea-saa 1,000 kwa saa 1,000, yaani siku kama 42, bila mtu kugusa kitufe. Mwenye rimoti analalamika kwamba betri za siku hizi ni mbovu.

Kwa hiyo kapasita ikiharibika, dalili zake zinatambulika. Rimoti inafanya kazi na betri mpya za alkali, inakataa na betri za kawaida. Umbali unapungua wiki hata wiki. Bonyezo la kwanza linakubaliwa, la pili linapotea. Kioo cha maandishi kinafifia kila inapotuma. Betri zinakwisha ndani ya droo. Kitufe kimoja kikikataa na jirani yake kikafanya kazi, hakuna sababu yoyote ya kuishuku kapasita, kwa maana inahudumia vitufe vyote sawasawa.

Ushauri wa kubadilisha zote umetoka wapi

Mkanganyiko una asili yake. Ushauri wa kubadilisha kapasita zote umetokana na historia tatu tofauti ambazo zimechanganywa.

Ya kwanza ni ya redio za valvu. Kapasita zake za karatasi na nta zilinyonya unyevu, zikapitisha umeme, na katika redio zenye volti mia na zaidi kosa hilo liliweza kuunguza valvu au transfoma. Pale, kubadilisha bila kupima ni busara. Historia ya tatu kwa mpangilio wa miaka ni ya kompyuta za takriban 1999 hadi 2007, zilipotengenezwa kapasita nyingi zenye kimiminika kibovu, zikavimba na kupasuka zikiwa changa. Hiyo haihusiani na vifaa vya zamani hata kidogo, ingawa picha zake ndizo watu wanazozikumbuka wakisikia neno kapasita.

Ya katikati ndiyo inayotuhusu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, viwanda vilianza kutumia kapasita ndogo zisizo na miguu, zinazolehemiwa juu ya bodi. Baadhi zilitiwa kimiminika cha aina mpya kilichoshambulia raba ya kuziba. Zikavuja chini yake, taratibu, bila kuvimba. Kompyuta za Macintosh za miaka hiyo, mashine za mchezo za Sega Game Gear na kamera nyingi za video ziliangamia hivyo. Kimiminika hicho kina chumvi. Kinakula shaba ya bodi, kinapenya kwenye matundu, na kinaunganisha njia zisizopaswa kuungana. Mafundi huitambua kwa pua: chuma cha kulehemia kikigusa mahali palipovuja, hutoka harufu kama ya samaki.

Rimoti ya mwaka 1979 yenye kapasita moja ya miguu miwili haimo katika historia hizo tatu. Rimoti ya mwaka 1989 yenye kioo, kumbukumbu na bodi iliyobanana inaweza kuwa imo katikati ya ile ya pili. Kuziita zote mbili za zamani, kisha kuzipa tiba moja, ndiko kunakoleta ugomvi kati ya mafundi wawili ambao wote wanajua kazi yao.

Hoja za wanaobadilisha zote

Hoja yao ya kwanza ni ya umri. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji inasema maisha ya kapasita ya alumini huongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua. Kapasita iliyoandikiwa saa 2,000 kwa nyuzi 85 inapata saa 128,000 kwa nyuzi 25, ambayo ni karibu miaka 15. Rimoti ya miaka 35 imeshavuka umri huo mara mbili. Katika nyumba ya pwani yenye nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, hesabu inakuwa fupi zaidi.

Hoja ya pili ni ya kazi yenyewe. Sehemu ngumu ya kutengeneza rimoti ni kuifungua bila kuvunja ndimi za plastiki zilizokauka. Ukishafungua, unakuta kapasita moja, mbili, pengine tano. Bei yake kwa kawaida haizidi ya jozi ya betri nzuri. Amplifaya yenye kapasita nyingi ni jambo jingine, pale kubadilisha zote ni kazi ya siku nzima na kila kiungo kipya ni nafasi mpya ya kukosea.

Hoja hizi ni nzuri, lakini zina upungufu. Mwisho wa umri katika hesabu ile si kifo, ni wakati sifa za kapasita zinapovuka kiwango alichoweka mtengenezaji, na kiwango hicho hupimwa kwa kazi nzito kuliko ya rimoti. Ndani ya rimoti hakuna joto la transfoma wala mkondo mkali wa saa nyingi. Ndiyo maana kapasita nyingi za miaka ya 1970 bado zinatosha. Halafu kuna bodi. Rimoti nyingi za bei ya wastani zilitumia bodi za kahawia za karatasi na resini, zenye shaba upande mmoja. Chuma cha moto kikikaa sekunde chache za ziada, shaba hubanduka kama ganda. Mtu anaweza kuanza na rimoti yenye raba chafu akamaliza na bodi iliyokatika njia.

Hoja za wanaopima kwanza

Kundi hili linaanza nje ya bodi, na kwa maoni yangu hapo liko sahihi kabisa. Chanzo cha kwanza cha rimoti kufa ni betri zenyewe. Betri za alkali zikivuja hutoa kitu kikali cha jamii ya magadi, kikatafuna springi na kutambaa hadi kwenye bodi. Siki kidogo kwenye kijiti cha pamba huua ukali wake, kisha pafutwe kwa maji machache na kukaushwa kwa spiriti safi. Chumvi ya hewa ya Mombasa, Tanga au Zanzibar humaliza springi hata bila betri kuvuja. Unyevu unaharakisha kutu kuliko unavyoharakisha kukauka kwa kapasita, na hilo linapaswa kupanga upya orodha ya washukiwa kwa msomaji wa pwani.

Chanzo cha pili ni vitufe. Raba ya vitufe hutoa mafuta taratibu kwa miaka mingi, mafuta yakatandaza utando kati ya kaboni na bodi. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu na sabuni kwa raba, spiriti kwa bodi. Kaboni haisuguliwi kwa msasa. Chanzo cha tatu ni kuanguka. Kile kipande cha kauri hupasuka ndani, na viungo vya lehemu kwenye miguu ya taa hufanya ufa mwembamba ambao hauonekani mpaka bodi iinamishwe kwenye mwanga.

Vipimo vya kundi hili havihitaji maabara. Kamera ya simu, hasa ya mbele, huona miale ya infraredi ambayo jicho halioni, na taa nzima itaonekana ikipepesa rangi nyeupe au ya zambarau. Kipimo cha pili ni kizuri zaidi na watu wengi wamekisahau. Washa redio ndogo ya AM mahali pasipo na stesheni, isogeze karibu na rimoti, bonyeza. Kipande cha kauri kikipiga, redio itanguruma kwa vipigo. Redio ikinguruma na kamera isione kitu, kosa liko kati ya chipu na taa. Zote zikinyamaza, angalia betri, springi na kauri. Rimoti za kale za sauti isiyosikika, zilizotangulia za infraredi, hazitaonekana kwenye kamera hata zikiwa nzima, na mtu asizitupe kwa sababu hiyo.

Kapasita nayo ina kipimo chake. Chukua mpya ya mikrofaradi 100, ishikize sambamba na ile ya zamani, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ukitumia betri zilezile dhaifu zilizoleta lawama. Umbali ukirudi papo hapo, mkosaji amepatikana. Usipobadilika, kapasita haikuwa tatizo, na bodi haijaguswa na moto.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inaona ya leo tu. Kushikiza kapasita sambamba hakuoni ile inayovujisha umeme. Kwa hilo inabidi kupitisha mkondo wa betri kwenye mita huku rimoti imetulia, na rimoti ya kawaida inapaswa kusoma mikroampea chache. Zaidi ya yote, kipimo hakitabiri. Kapasita ndogo ya juu ya bodi inaweza kufaulu kila kipimo leo, huku chini yake imeanza kulowa.

Hoja za wanaonunua nyingine

Wapo wanaoona mjadala wote huu ni kupoteza muda, na kwa mashine nyingi wana haki. Mfumo wa RC-5 ulitumika katika mashine za Philips, Marantz na nyingine, na rimoti hizo za kutumika kwenye kila mashine huwa nao. Simu nyingi za Xiaomi zina taa ya infraredi juu, na programu yake inajua mashine chungu nzima. Kama amplifaya ni ya kawaida na vitufe vyake vyote viko usoni, kununua ni uamuzi mzuri usio na aibu.

Hoja hiyo inakatika inapofika kwenye mashine zilizojitenga. Bang & Olufsen wamekuwa wakitumia kilohetzi 455 moja kwa moja, bila kuigawa, ilhali rimoti za kawaida na simu zinafanya kazi kati ya 30 na 60 hivi. Hakuna orodha ya misimbo ya rimoti itakayoziba pengo hilo, kwa kuwa taa inapepesa kwa kasi ambayo kipokezi hakiitambui. Kwenye mifumo ya kutuma na kupokea, hata ukipata kifaa kinachofikia masafa hayo, maandishi ya kioo yamekwenda.

Tena rimoti zinazojifunza hujifunza kutoka kwa ile ya asili, na lazima ile ya asili iwe inatuma, hata kama ni kwa umbali wa kiganja. Anayetaka kuhamia kwenye rimoti mpya ana sababu ya kuitengeneza kwanza ya zamani, kisha anakili vitufe vyote kabla haijagoma tena.

Kapasita gani irudishwe

Hapa pana kosa linalofanywa na watu makini, kwa nia njema. Wanachagua kapasita bora kuliko ya asili. Kapasita za polima zina ukinzani mdogo sana wa ndani, na katika kompyuta ni ushindi. Lakini kwa kawaida huruhusiwa kupitisha umeme mwingi zaidi zikiwa zimetulia. Kwa vipimo vya kawaida vya watengenezaji, ya alumini yenye kimiminika ya mikrofaradi 220 na volti 6.3 huruhusiwa kuvujisha hadi mikroampea 14 hivi, na ya polima ya ukubwa huohuo hadi 277. Katika mashine ya kuchomeka ukutani hilo si kitu. Katika rimoti inayolala saa 23 kwa siku, ni kulipia betri. Kapasita za tantali nazo zina tabia ya kufa kwa kuungana, na hazisamehe kugeuzwa. Kapasita kubwa za kauri za kisasa hupoteza sehemu ya mikrofaradi zake zikiwekewa volti.

Ya kawaida ya alumini, ya mtengenezaji anayejulikana, ya nyuzi 105, ndiyo inayofaa. Volti ikizidi si tatizo: 16 mahali pa 6.3 inakubalika, na za leo ni ndogo kiasi kwamba itaingia. Mikrofaradi za kapasita ya betri zinaweza kupanda kidogo. Zile zinazoongoza kuamka kwa chipu zibaki kama zilivyo, kwa kuwa zinapanga muda. Vipande vidogo vya kauri karibu na kile cha mapigo havikauki na havihitaji kuguswa. Kapasita zilizochomolewa kwenye bodi nyingine, ambazo mafundi wetu wengi huzitegemea, zitumike kwa kupimia tu, kwa sababu umri wake haujulikani. Na dukani kuna zilizobandikwa majina ya bandia, kwa hiyo kabla ya kulehemu, mpya nayo ipimwe.

Kupima uzito

Nikiweka hoja zote pamoja, umri wa rimoti peke yake haunipi jibu. Ninaangalia aina ya kapasita iliyomo, dalili iliyoletwa, na kama mashine inaweza kuendeshwa na kitu kingine.

Kwa rimoti yenye kapasita za miguu, ya miaka ya 1970 au 1980, wanaopima kwanza wanashinda bila ubishi. Springi, raba, viungo vya taa, kauri, kisha kapasita. Nyingi zitapona kabla ya kufika mwisho wa orodha hiyo, na kubadilisha kapasita ambayo haikushtakiwa na dalili yoyote ni kuihatarisha bodi bure. Kapasita moja tu ndiyo yenye haki ya kushukiwa mapema, ile iliyo sambamba na betri, tena pale umbali unapopungua au betri zinapokwisha zenyewe.

Kwa rimoti yenye kapasita ndogo za juu ya bodi za kizazi kile kilichovuja, wanaobadilisha zote wanashinda, hata kama rimoti inafanya kazi. Hapa si suala la umbali tena. Kapasita inanunulika popote, ila bodi yenye kioo na chipu yake maalumu ya mwaka 1989 haitengenezwi tena, na kimiminika kinaila kila siku, betri ziwemo au zisiwemo. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye ncha nyembamba na subira, aoshe bodi kwa spiriti kabla na baada, asisokote kapasita kwa koleo akitegemea bahati, na afuatilie kila njia ya shaba kwa mita kabla ya kufunga.

Na kabla ya yote, mashine yenyewe iangaliwe. Kipokezi kilichomo ndani yake kina kapasita yake, na tofauti na ile ya rimoti, hiyo inaishi karibu na joto la transfoma na huwa kwenye umeme kwa miaka. Ikichoka, kipokezi kinapungukiwa usikivu na kila rimoti itaonekana mbovu. Kama kamera inaona taa ikipepesa kwa nguvu na redio ya AM inanguruma, bisibisi ielekee kwenye mashine, na rimoti iachwe imefungwa.